Ni Mikono Tu, Somo

Mtoni Kijichi, Temeke
6 Mei 2024

Somo yangu Bi Mwanakombo,

Shikamoo. Vipi goti, limepoa? Huku sie wazima. Mama angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia, na naomba asijue. Barua hii nimempa Jamali wa bodaboda nikiwa nimeigundisha pembe zote. Ningekupigia, lakini simu yako hiyo haisemi ila kwa spika, na uani kwenu huko Kigamboni kuna wapangaji sita wenye masikio.

Somo, nina vipele. Viko mapajani kwa ndani, na viwili vimepanda juu zaidi, huko ninakoona haya kukutajia. Vidogo kama ulezi, vinang'aa, na katikati kila kimoja kina kishimo. Haviumi.

Nakuapia, mie na Bakari hatujalala pamoja. Unakumbuka harusi ilikuwa iwe Februari, ukanisinga siku saba, ukinisugua kwa liwa na dodoki, ukaninyoa, nikatakata. Kisha baba yake Bakari akafariki, ikasogezwa mpaka Ijumaa ya tarehe 7 Juni. Kungoja huko kukatushinda kidogo. Mie nina miaka ishirini na sita, yeye thelathini, sie si malaika. Lakini ilikuwa mikono tu, somo. Yeye kwangu, mie kwake, tukaishia hapo na kujisifu kwamba tumejizuia. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mkono si kitu.

Sasa hivi vimetoka wapi? Bakari ana mtu? Au ni vile vidole vyake, maana fundi wa madirisha ya aluminiamu hakosi michubuko? Au ni ukimwi? Nikiwaza nafika mahali, halafu naanza upya. Jana kwenye cherehani nimemshonea mteja mkono wa kulia upande wa kushoto. Zahanati naogopa, wataniuliza kama nimeolewa.

Niambie ni nini, somo. Namtaka huyu mwanamume, lakini siwezi kuingia ndani kwake na hofu hii.

Mwali wako,
Nusaiba


Kigamboni
8 Mei 2024

Mwali wangu Nusaiba,

Marahaba mwanangu. Goti linaniuma nikikaa na likiniona nasimama linaniuma zaidi, kwa hiyo sijambo. Jamali nimempa chai, akainywa huku akiikodolea macho bahasha yako. Mwambie aache umbea.

Nimesoma nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Miaka thelathini na moja nawatoa wali, sijaona mkono ukimpa mtu maradhi. Mkono unaoshwa, basi. Mimba hautii na ugonjwa hautii, ndiyo maana na sie tulifundishwa hivyo. Kwa hiyo kama una vipele, ama kuna jambo hukuniambia, ama kuna jambo Bakari hakukwambia. Wewe nakujua. Muulize mwenzio, tena macho kwa macho, usizungukezunguke.

Hivyo vipele visugue kwa maji ya moto na chumvi, asubuhi na jioni, visugue haswa. Zahanati usiende. Siku hizi manesi wanakuwa majirani zetu, na siri yako itafika sokoni kabla yako.

Somo yako,
Mwanakombo


Mtoni Kijichi
14 Mei 2024

Somo yangu,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mie sijui kama mzima au mgonjwa.

Nimemuuliza. Alikuwa anakata kioo, akakiweka chini taratibu, akanitazama. Akasema, "Nusaiba, mie nimekuwa nikitafuta namna ya kukuuliza wewe." Somo, na yeye anavyo! Vitatu, chini ya kitovu, vimetoka wiki mbili hizi. Alidhani ni mie niliyemletea.

Akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba tangu anipose hajamgusa mwanamke mwingine. Mie nikaapa vilevile. Tukabaki tunatazamana, wote tumeapa na wote tunavyo. Nikamwambia somo yangu kasema mkono hauambukizi, kwa hiyo mmoja wetu muongo. Akasema, "Basi somo yako anajua kuliko mie ninavyojijua." Akaokota kioo chake.

Nimesugua kama ulivyosema. Vilikuwa saba, sasa nimehesabu kumi na tisa, na paja limechubuka. Usiku namwamini, asubuhi simwamini. Wakati mwingine nafikiri labda ni mie nimefanya jambo nikasahau, ujinga gani huo! Kadi zinaanza kugawiwa wiki ijayo. Baba ananiuliza mbona sili.

Nifanye nini? Nasubiri neno lako kabla sijamwambia baba chochote.

Mwali wako,
Nusaiba


Kigamboni
16 Mei 2024

Mwali wangu,

Marahaba. Pole sana, mwanangu. Ningekuja mwenyewe lakini goti limekataa.

Neno langu ni fupi. Wawili wameapa, mmoja kaapa uongo, na si wewe. Mwanamume anayeulizwa akajibu kwa kuuliza ana lake. Mwambie baba yako arudishe mahari kabla kadi hazijatoka, aseme tu kwamba mmeshindwana. Utalia mwezi mmoja. Afadhali huo kuliko miaka.

Somo yako,
Mwanakombo


Kigamboni
30 Mei 2024

Nusaiba mwanangu,

Salaam nyingi. Vipi hali yako, unakula? Hukunijibu, nami nikatulia, nikasema mwali kasikia. Leo natamani uwe hukusikia. Nasema haya mapema kabla mkono haujachoka: kama mahari bado yapo ndani, yasitoke.

Juzi Rukaiya, yule mwali niliyemtoa wiki moja kabla yako, kaja kunitazama na mumewe. Tulipobaki wawili akafunua paja. Ulezi mtupu, wenye vishimo. Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Si vilikuwepo ulipokuwa unanisinga, somo? Ukasema ni harara, ukavisugua." Na kweli nilisema. Nilivisugua kwa dodoki lilelile nililokuja nalo kwako. Wembe nilibadilisha, Mungu shahidi. Dodoki sikulibadilisha, kwa kuwa ni laini na nimelizoea, nikalisuuza tu na kulianika.

Sikulala. Asubuhi nimejikokota mpaka zahanati. Nesi, binti mdogo anaitwa Hope, kaniuliza mgonjwa nani. Nikasema mie. Kanitazama mvi hizi, hakucheka. Nilimweleza yote, na mikono nikamweleza.

Kasema ni virusi vya ngozi. Vinapita ngozi kwa ngozi, kwa mkono, kwa taulo, kwa dodoki, kwa kunyoa juu yake. Vinakaa miezi vinaondoka vyenyewe, ila visisuguliwe wala kukunwa, maana kusugua ndiko kunakovitawanya. Nikamuuliza kuhusu ukimwi. Kasema kwa mikono tu juu ya ngozi nzima, huo hauna haja ya kuuogopa. Lakini kasema nilikosea niliposema mkono hautii kitu. Masundosundo, vile vinyama vya sehemu za siri, yanaweza kupita kwa mkono, na malengelenge ya sehemu za siri, hata kaswende mkono ukigusa kidonda kibichi. Kasema muoshe mikono, mfunike michubuko, mwenye kidonda asiguswe, na wote wawili mkapime.

Nikamuuliza, basi nani alianza? Kasema hakuna anayeweza kujua. Labda dodoki langu kwako, na mkono wako kwa Bakari. Labda Bakari alivipata kwa kinyozi. Vinaweza kukaa mwilini wiki nyingi bila kuonekana. Nimetoka pale sijui nimshike nani, nikajishika mwenyewe.

Mpe Bakari barua hii aisome. Siri ya mwali na somo haivunjwi, lakini hii ivunje.

Somo yako,
Mwanakombo


Mtoni Kijichi
7 Juni 2024

Somo yangu,

Shikamoo. Nakuombea goti lipoe.

Mahari yalirudishwa tarehe 26, siku nne kabla ya barua yako. Baba aliyapeleka mwenyewe.

Barua nilimpa Bakari. Kaisoma amesimama, kaisoma tena amekaa. Tukaenda kupima pamoja, benchi moja. Majibu yetu yote salama, isipokuwa hivyo vipele, na nesi kasema vitaisha. Nilifurahi, nikadhani yameisha. Nje akaniambia, "Somo yako alipokosea uliamini, na aliposahihisha umeamini. Mie niliapa mbele yako. Siku gani uliniamini mie?" Mpaka sasa naitafuta siku hiyo, somo. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo. Akanipa mkono tukaagana.

Sijui nikukasirikie au nijikasirikie. Mie nilikuuliza kwa kuwa niliona haya kumuuliza nesi. Wewe ukanijibu kwa kuwa uliona haya kusema hujui. Na mtu aliyekuwa anasema kweli tulikuwa naye hapohapo.

Leo, ile Ijumaa yetu, nimekwenda kazini kama kawaida. Mama mmoja kaleta gauni la harusi la bintiye, limempwaya kiunoni. Anasema wanalihitaji Jumapili. Nimelipunguza.

Mwali wako,
Nusaiba