Spoki ya Baiskeli Yako

Vinski Breg, karibu na Ptuj
3 Novemba 2019

Mpendwa Kaka Ludvik,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Geelong, na kwamba goti lako limepata nafuu. Sisi hatujambo, ila mume wangu Stanko anakohoa tangu mavuno na hataki kusikia habari ya daktari. Mbegu za maboga zimekauka vizuri na mafuta ya mwaka huu ni mazito, kama yale uliyokuwa ukichovya mkate ukidhani Mama hakuoni.

Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Leo naimaliza.

Mwezi wa nne tuling'oa mizabibu mikongwe ya kule juu. Stanko alikuwa kwenye trekta, mimi nyuma nikiokota mizizi. Akashuka ghafla na kitu cha kijani mkononi. "Neža! Njoo uchukue kipuli cha mama mkwe!" Nilicheka, lakini nilipokipangusa kwa aproni kicheko kikanikauka. Lilikuwa bizimu la shaba, pini ya kufungia nguo, na lilifanana mno na lile la Mama.

"Usijisumbue," Stanko akasema. "Mashamba haya yamejaa takataka za Warumi." Ni kweli. Ndiyo maana nilifunga safari hadi makumbusho ya mjini.

Dada wa pale, Bi Mojca, aliligeuza chini ya kioo cha kukuzia muda mrefu. "Ona, mama, vifundo hivi viwili mgongoni, na matundu haya kwenye mguu. Wanawake wa huku waliyavaa mawili mawili mabegani, enzi za Warumi. Karne ya kwanza, ikichelewa sana ya pili." Nikamwuliza kama linaweza kuwa la mama yangu, naye akatabasamu kwa adabu. Kisha akalisogeza karibu na taa. "Hee! Lakini sindano hii si ya Kirumi. Nani katia spoki ya baiskeli hapa?"

Ncha ya ile spoki ilikuwa bado na nyuzi za kukazia nati. Kaka, nililia mbele ya mgeni.

Unakumbuka yaliyotokea siku Mama alipokufa. Baba alitaka azikwe na bizimu lake, lile aliloliokota shambani akiwa msichana, na halikuonekana. Mimi, mwenye miaka kumi na miwili, nikasema nilikuona nalo bandani. Ukajitetea kwamba Mama alikupa ulitie sindano mpya, na kwamba ulimrudishia kabla hajaenda hospitali. Baba akafoka, "Mwongo mkubwa we! Umemuuzia nani?" Kabla theluji haijaanguka ulikuwa umeondoka kwenda ng'ambo.

Lakini mahali Stanko alipoliokota ndipo kiliposimama kinyago cha kutishia kwezi, wale ndege wala zabibu. Agosti ile, Mama akiwa hospitali, mimi ndiye niliyekivika koti lake la kazi. Sikukunjua ukosi. Nadhani Mama alilibana ndani yake asije akalipoteza. Basi aliyelipeleka shambani ni mimi, na aliyekusingizia ni mimi. Naona aibu, Kaka. Sina neno jingine.

Baba alikufa bila kulitaja jina lako. Juzi, Sikukuu ya Watakatifu Wote, niliwasha mishumaa kaburini nikamwambia kwa sauti, watu wote wakisikia: "Baba, Ludvik hakuiba." Jirani yetu Terezija alinishika mkono, nikabaki nimesimama pale mpaka baridi ikaniingia miguuni.

Bizimu litabaki makumbusho, ndivyo sheria inavyotaka. Bi Mojca alitaka kuing'oa spoki kwa sababu ya kutu. Nikamwambia, "Mwanangu, ukiing'oa hiyo, nalirudisha shambani sasa hivi." Akacheka, akaiacha. Sasa lipo kwenye kabati la kioo, na kadi yake nimeinakili hivi: "Bizimu la mwanamke, shaba, karne ya kwanza hadi ya pili. Sindano ya chuma imetengenezwa na Ludvik Kokol, 1974."

Njoo ulione. Chumba chako hakina mtu.

Stanko anakusalimu, na Terezija pia, aliyeuliza kama bado unapiga kinanda. Nisalimie wifi Dorica na watoto. Mungu akulinde, akupe miaka ya kutosha kunisamehe.

Mdogo wako akupendaye, aliyekuona bandani asielewe alichokiona,
Neža