Mashine Isiyokata

Ijumaa, 3 Machi

Nimeibiwa! Na mwizi mwenyewe hana hata miguu ya kukimbilia, kajengwa ukutani!

Nitulie niandike, maana nikimwambia Dada atacheka mpaka simu izime. Kampuni ya nyumbani ndiyo inayonilipa, tena kwenye benki ya nyumbani, hata baada ya kunileta ugenini mwaka jana kujifunza kukata lenzi za miwani. Kila nikitaka pesa kidogo ya mkononi, lazima nikapige magoti kwenye mashine ya watu wa huku, nayo inakata ada yake. Ninatoa ndogo, inakata. Ninatoa kubwa, inakata. Leo ikaja na jipya. Nimechomeka kadi, skrini ikaniuliza kama ninataka ihesabu kwa pesa ya kwetu. Jina la pesa yetu, kwa herufi kubwa! Miezi mingi sijaliona popote. Nikabonyeza NDIYO kama mtoto aliyeitwa na mama yake.

Risiti ikatoka. Wamebadilisha kwa bei yao ya kinyang'anyi, halafu wakakata na ada juu yake!

Nikaitukana kwa Kiswahili, kwa sauti — nani ataelewa? Sauti ikanijibu nyuma yangu: "Taratibu dada, hiyo haina mama wa kutukanwa."

Mwanamume wa makamo, mkanda wa zana kiunoni, mvi mbili tatu. Fundi wa lifti. Katoka kwetu! Akaniambia nikiulizwa tena swali lile nikatae, nichague pesa ya hapa, benki yangu itabadilisha yenyewe kwa bei ya haki. Na kama ninataka kuacha kukatwa kabisa, iko mashine moja mji mzima isiyokata hata senti. Iko mbali. Yeye anakwenda kesho.

Alinielekeza mpaka foleni yote ikampita.

Jumamosi, 4 Machi

Ipo! Haikati! Nimeiona kwa macho yangu!

Tumekwenda kwa miguu, kwa sababu nauli ya basi ingekula kila tulichookoa. Hilo alilisema yeye kabla yangu. Tumepita karakana za magari, uwanja wa mpira, daraja la reli, mpaka kwenye jengo la chama cha akiba cha wastaafu. Mashine iko chini, pembeni ya lifti aliyowahi kuitengeneza. Ina kasoro moja tu: hutoa kidogo, kama mke mwenza anayepakua nyama. Pesa ya wiki moja, basi. Kwa hiyo lazima kurudi kila Jumamosi.

Mimi nyumbani wananiita Mkono wa Birika. Mchumba wangu wa zamani aliniacha kwa hilo hilo. Alisema hawezi kuzeeka na mwanamke anayeanika majani ya chai ili ayachemshe tena. Miaka imepita, na kila nikianika majani ya chai ninamsikia.

Leo njiani Fundi Lifti katoa chupa ya maji ya moto, vikombe viwili, na kifuko kimoja cha majani. Akachovya kwangu, akachovya kwake, akakikamua, akakirudisha mfukoni. "Bado kina nguvu hiki," akasema.

Nilitaka kulia kwa furaha. Kweli kabisa.

Jumatatu, 6 Machi

Nimekata lenzi ya kulia kwa fremu ya kushoto. Mzee wa karakana yetu ya miwani kauliza akili yangu iko wapi. Nikasema mafua.

Jumamosi, 11 Machi

Safari ya pili. Nimejua mengi! Hapandi lifti hata siku moja — "ninajua kilichomo ndani," anasema — lakini akipita jengo lenye lifti hutega sikio mlangoni kama daktari. Mkewe alifariki zamani. Watoto wamekua, wako nyumbani. Soli ya kiatu chake cha kulia imeachama, kaigandisha kwa gundi ya mpira wa milango ya lifti. Nikamwambia gundi ile ikilowa itaachia. Akasema ndiyo maana hakanyagi maji.

Ananiita Bi Miwani. Nimerudi nyumbani miguu inawaka moto, na bado nikapanda ngazi mbilimbili. Nina miaka thelathini na tisa!

Jumatano, 15 Machi

Dada kapiga simu, anashangilia kama kashinda bahati nasibu. Benki yetu inayo kadi ya rangi ya chungwa kwa wateja wanaoishi ugenini. Toa pesa mashine yoyote duniani, ikate itakavyokata, mwisho wa mwezi benki inakurudishia ada yote. Ipo siku nyingi, sema haitangazwi, mpaka uulize. Kaniombea, na jirani yake anayesafiri wiki ijayo ataniletea. "Hutatembea tena juani kama punda wa kukodi, mdogo wangu!"

Nikasema asante. Halafu nikakaa kitandani.

Kila nilichokitaka tangu nije huku ninaletewa mkononi, na mimi nimenuna kama niliyefiwa.

Jumamosi, 18 Machi

Mvua! Tumekimbilia chini ya kibaraza cha duka lililofungwa. Soli yake ikaachia, kama nilivyosema. Alikuwa anajaribu kusoma maelezo kwenye kichupa cha gundi, amekinyoosha mkono mzima. Nikamuuliza tangu lini. Akasema macho yake hayana neno, mikono ndiyo imekuwa mifupi.

Rula yangu iko mkobani siku zote. Nikamwambia asimame wima nimpime umbali wa mboni na mboni. Kazi hii ninaifanya kila siku, kwa watu wa kila namna. Unamsogelea mtu uso kwa uso, unamwambia atazame jicho lako la kushoto, kisha la kulia, unasoma rula. Basi.

Nimeisoma rula mara tatu. Yeye hakupepesa. Mvua ikaisha na hakuna aliyesema twende.

Habari ya kadi ya chungwa sijamwambia. Nilipanga kusema darajani, nikasema nitasema uwanjani. Nilipofika uwanjani nikamsifia golikipa.

Alhamisi, 23 Machi

Kadi imefika. Inang'aa! Jirani yake Dada kanikabidhi pamoja na salamu na kanga, akaniambia nimepata mkombozi. Nimeiingiza namba ya siri, nimeijaribu kwenye mashine ile mwizi. Inafanya kazi. Sina tena sababu yoyote ya kwenda kwa wastaafu.

Nikiiweka kwenye pochi ataiona nikitoa ile ya zamani. Nimeificha ndani ya kasha jeusi la miwani, chini ya kitambaa cha kufutia. Kasha lenyewe ni la kwake. Ndiyo, ninamtengenezea miwani ya kusomea! Lenzi Mzee wa karakana kanipa, za mazoezi. Fremu nimenunua. Mimi! Nimelipa bei kamili, na sikuomba kupunguziwa.

Dada kapiga: nimefurahi? Nikasema sana. Akauliza mbona sauti ya matanga. Nikamweleza yote, mpaka rula. Akacheka kicheko chake kile. "Mwambie, wewe. Mficha uchi hazai."

Nimwambie nini? Kwamba tusionane tena? Sisi hatujawahi kukutana kwa jambo lingine. Hatujawahi hata kukaa kwenye kiti pamoja. Ni njia tu, na mashine mwishoni.

Jumamosi, 25 Machi

Siwezi kukaa! Ninaandika nimesimama!

Tulikuwa darajani. Kavuta leso kujifuta jasho, pochi ikafuata, ikaanguka wazi. Kadi mbili. Ya bluu anayoitumia kila Jumamosi. Na ya rangi ya chungwa.

Ya chungwa! Ya benki yetu! Tena si mpya. Pembe zimechubuka, namba zimefutika nusu. Kadi iliyotumika miaka.

Kaizoa haraka, kaangalia kama nimeona. Mimi nikawa ninaangalia treni. Treni yenyewe haikuwepo.

Tukafika, akachomeka ya bluu kwa utulivu kama sheikh, akatoa vipesa vyake, akasema, "Unaona? Hata senti." Nikasema, "Hata senti, fundi." Nikachomeka yangu ya zamani. Waongo wawili, kwenye kizingiti cha chama cha wastaafu!

Jumapili, 26 Machi

Asubuhi nilikasirika. Angeweza kuniambia siku ile ile ya kwanza: dada, omba kadi ya chungwa, maneno matano tu. Badala yake kanitembeza na malengelenge yangu! Nikapanga Jumamosi nimvue nguo hadharani.

Mchana nikiwa ninafua nikakumbuka jambo, sabuni ikaniponyoka. Siku ile ya kwanza alikuwa kwenye foleni ya mashine inayokata. Mtu bahili kuliko mimi, anayekamua kifuko cha chai mara tatu, anafanya nini pale? Alikuwa na kadi ya chungwa, ndiyo maana hakujali ada! Halafu akaniona ninatukana ukuta, akaiacha foleni, akazua safari.

Na jana kiatu kilikuwa na soli mpya. Nilimuuliza bei, akajikohoza tu. Soli ile ni ada za mashine za miezi na miezi! Mtu huyu, roho yake ninayoijua, amelipa soli kwa ajili ya kutembea mahali asipokuwa na shida napo.

Hakuna mwanamume aliyewahi kunifujia kiasi hiki. Hasira imekwisha. Ninacheka peke yangu na ndoo.

Lakini nani aanze? Nikisema nimeiona yake, nimemfedhehesha. Nikionyesha yangu, labda atasema vizuri sana, hongera, basi tusichoshane. Na labda yeye ni mpenda kutembea tu! Watu wa hivyo wapo.

Ijumaa, 31 Machi

Miwani imekamilika! Mzee wa karakana kaipima, kasema hii ndiyo kazi safi kuliko zote nilizofanya tangu nije. Nimeifuta mara kumi. Nimeilaza ndani ya kasha, kitambaa chini yake kama godoro, nikafunga. Sifungui tena nisije nikaitia alama za vidole. Afungue mwenyewe.

Usingizi ndio huo, haupo.

Jumamosi, 1 Aprili

Ninaandika hapa hapa, kwenye benchi nje ya chama cha wastaafu, daftari kwenye goti. Mkono unakimbia.

Tulipofika kuna karatasi imebandikwa juu ya mashine. Akarudi nyuma hatua, akarudi nyingine, akakunja uso, akasema, "Nisomee, Bi Miwani."

Nikasoma kimya kwanza. Kuanzia leo mashine hii itakata ada sawa na mashine nyingine zote. Nikadhani ni utani wa tarehe mosi Aprili, lakini mlinzi akatikisa kichwa: si utani, wastaafu wamechoka kugharamia wapita njia.

Ningeweza kudanganya! Asingejua. Ningesema wameandika karibuni nyote. Nimesoma ilivyo, neno kwa neno, na kila neno lilikuwa linanifungia mlango.

Lifti ikapanda, ikashuka, hata hakuitegea sikio. Nikasema moyoni, sasa. Ama atoe kadi yake tucheke, ama aniage. Akajikuna kisogoni.

"Nimesikia iko nyingine," akasema. "Ng'ambo ya mto."

"Mbali?"

"Mbali sana."

"Mbali kuliko hii?"

"Hii si kitu. Ile itabidi mtu atoke asubuhi, na chakula kabisa."

Jamani! Nilishika mkoba kwa mikono miwili nisije nikaruka. Nikasema basi akaulize njia vizuri tusipotee. Na hapo hapo nikatoa kasha, nikamtia mkononi: akachorewe ramani, aisome mwenyewe, asinisumbue. Akauliza bei gani. Nikasema bure. Akaganda kama lifti iliyokatika umeme. "Bure?" Nikamwambia aende kwa mlinzi kabla sijabadili nia.

Amekwenda. Ninawaona toka hapa, kwenye kibanda cha mlinzi, ng'ambo ya maegesho. Mlinzi anachora kwenye karatasi. Kanyoosha karatasi mkono mzima, mshamba wangu. Sasa kakumbuka. Analitoa kasha. Kaivaa! Imemkaa! Imemkaa kama kazaliwa nayo! Anasoma ramani kwa karibu, anacheka, anamwonyesha mlinzi. Sasa anatafuta kitambaa aifute, vidole vyake hivyo —

Kitambaa.

Mungu wangu. Chini ya kitambaa.

Ameshainua. Ameishika. Rangi ninaiona toka huku. Mlinzi bado anaelekeza kwa mkono na yeye hamsikilizi tena. Anaigeuza. Anaipeleka karibu na miwani, anasoma jina langu juu yake.

Ameinua kichwa, ananitafuta. Lakini lenzi zile nimezikata mimi mwenyewe, ninazijua. Ni za karibu. Kwa mbali hivi mimi ni ukungu mtupu kwake, hawezi kuniona ninacheka au ninalia. Akitaka kuniona lazima ama aivue, ama aje mpaka hapa, uso kwa uso, umbali wa rula.

Hajaivua. Anakuja