Jino la Tarumbeta

Mbeya, Machi 1956

Mama yangu mpenzi,

Kamwene, mama. Nakuamkia popote mdogo wangu Yohana atakapokusomea haya, jikoni au shambani. Je, kifua kimeacha kukubana? Mahindi yamefikia wapi? Mimi nipo, ila nimechoka, mama. Hata kushika kalamu hii naona kazi.

Nilikwisha kukuandikia juu ya ile spana iliyoteleza gereji ikanigonga jino la mbele. Liliuma, nikawa nasinzia nimekaa. Kisha likanyamaza kabisa. Nikasema Mungu ni mwema. Jumapili nikapeleka jogoo kanisani, sadaka ya shukrani, na mzee wa kanisa akalitaja jino langu mbele ya watu wote. Kumbe jino lilikuwa limekufa, na mimi nashukuru kwenye msiba.

Baada ya mavuno likaanza kugeuka rangi kama chai ya rangi. Mwezi uliopita mdomo wa juu ukavimba hadi puani, usaha ukatokeza kwenye fizi. Wenzangu gereji wakaniita Kiboko. Nilicheka nao, lakini nilikuwa naumia. Hospitalini mhudumu alikwisha kuleta koleo, nikamshika mkono. Nikamweleza kwamba kwetu Iringa mimi ndiye mpuliza sauti ya kwanza katika kikundi cha matarumbeta cha kanisa, kwa tarumbeta ya marehemu baba, na kwamba alfajiri ya Pasaka tunapuliza makaburini kabla jua halijatoka. Bila jino la mbele mdomo utaegemea wapi? Akaguna, akasema basi nimngoje daktari wa meno, Mhindi mmoja anayepita Mbeya mara chache.

Nikangoja na uvimbe wangu. Daktari alipofika aliligonga jino kwa kichuma, akalitikisa, akaniuliza liliacha kuuma lini. Nikamsimulia mpaka habari ya jogoo. Hakucheka.

"Halikupona," akasema. "Ndani ya jino kuna nyama laini yenye uhai, ndiyo inayouma. Yako imekufa, inaozea humo. Ukiiacha, usaha utakula mfupa."

Nikamuuliza kama ni lazima ling'olewe. Akasema kama mzizi ungekuwa umepasuka, au jino linacheza, angeling'oa. Hili bado limeshika, kwa hiyo linaweza kusafishwa ndani na kuzibwa, likabaki kazini. Akalitoboa kwa nyuma kwa keekee ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Usaha ukatoka, nikapata nafuu palepale. Kisha akaingiza vitupa vya chuma vyembamba kama sindano, akaukwangua mzizi kwa ndani taratibu, kama sisi tunavyozibua bomba la petroli. Haikuuma sana. Kilichonimaliza ni kukaa mdomo wazi asubuhi nzima. Mwisho akaweka dawa inayonukia karafuu, akafunika kwa muda tu.

Sasa, mama, habari yenyewe ni hii. Mzizi hauzibwi mpaka ukauke vizuri, na daktari atarudi Mbeya wiki ileile ya Pasaka. Akishaondoka, hajui atapita tena lini. Nikija nyumbani, jino litaoza upya na koleo litakuwa na haki yake. Nikibaki, kaburi la baba litakosa sauti yake. Nimeliwaza jambo hili hadi usingizi umenikimbia. Nitabaki. Najua utanung'unika, na mimi mwenyewe sina raha.

Tarumbeta msimpe mtu. Yohana aifute na kuitia mafuta kidogo, kisha airudishe ndani ya kitambaa chake. Mwalimu wa matarumbeta atanielewa, ameona wengi waliobaki na mapengo wakahamia kwenye ngoma.

Nisalimie shangazi, namwombea mguu wake upone. Nisalimie mjomba mwenye ng'ombe, na jirani yetu anayekuchotea maji.

Na alfajiri ile mkifika kaburini, mwambie baba mwaka huu sitapuliza. Mwambie jino lipo.

Ni mimi mwanao,
Elia