Nafasi ya Neno Moja

Shemeji,

Chai iko kwenye chupa. Pasi usiiguse, inapiga shoti. Nimetangulia ofisi ya uhamiaji kukushikia foleni, njoo na pasipoti kabla ya saa nne. ~~Ile barua ya kaka kwamba mmeachana iache.~~ Ilete. Wakili anasema tukiisema wenyewe, unaweza kuomba kibali chako mwenyewe, cha fundi cherehani, badala ya kile cha mke wa mtu. Tukiificha, watakurudisha kwenu.

Samahani nilicheka asubuhi. Ulisimama dirishani, ukungu umejaa uani, ukasema umeota nyumba hii inapaa polepole kama wingu, sisi tumo ndani tunakupungia, wewe umebaki chini na sindano mdomoni. Nikakwambia si ungeishona na ardhi. Hukucheka. Ukasema, "Nyie mna nyumba. Mimi nina viza ya kaka yako," ukarudi kulala.

Nikakaa hapa mezani kujaza fomu ya shahidi. Penye "uhusiano na mwombaji" nikaandika shemeji. Mama akachungulia begani kwangu. "Ndoa imevunjika, watasema na ushemeji umevunjika. Futa, andika ndugu."

Nikamuuliza, "Ndugu wa nani, mama?"

"Mwanangu atakuwa ndugu wa nani, kama si wako?" Akatia sahihi yake chini ya yangu, kama shahidi wa pili, akaenda zake kuanika nguo.

Kwa hiyo mbele ya ofisa usije ukaniita shemeji, utaniharibia ushahidi.

~~Shemeji yako~~
Ndugu yako, yule mkorofi