Ukuta Niliouegemea

Jumapili, 5 Januari

Tatu bila. Nyumbani kwetu, mbele ya macho yetu. Sasa tuko wa pili kutoka mkiani, na huyo aliye mkiani ana mechi ya kiporo.

Bao la tatu lilikuwa aibu tupu. Kipa alitoka kuufuata mpira, mpira ukampita, akabaki ameshika kiuno kama mtu aliyeachwa na basi. Mwalimu (kocha wetu, sote tunamwita hivyo) alikaa chini kwenye nyasi. Hakumkemea mtu. Nahodha ndiye aliyekwenda kumwinua kipa, akamfuta vumbi mgongoni.

Kaka alikuwa jukwaa kuu, tai shingoni, katikati ya viongozi wenzake. Nilimpungia mkono. Sidhani kama aliniona.

Bado nasikia ajabu kumwona kule juu. Huyu ndiye Ukuta — beki wa kati ambaye washambuliaji walikuwa wakimfikia wanageuza njia. Nilikuwa msichana mdogo, najisifu shuleni kwa mabega yake. Halafu goti likamsaliti na mpira ukamwishia akiwa bado kijana. Mwaka jana alipogombea ujumbe wa kamati, mimi ndiye niliyemwombea kura nyumba kwa nyumba. Mpeni Ukuta. Ni mwenzetu, hatatuuza. Wengi waliompa kura waliuamini mdomo wangu kabla ya wake.

Mume wangu kaniuliza kama kuna mtu aliyetulazimisha kuishabikia timu hii. Yeye hana timu. Anasema anashabikia usingizi, haujawahi kufungwa nyumbani.

Jumanne, 7 Januari

Kazini leo hakukukalika. Tarumbeta kaja na habari ya redioni: Nahodha anauzwa. Dirisha dogo la usajili linafungwa keshokutwa, na eti mazungumzo yameshakwisha.

Tarumbeta ndiye mwenzangu hapa karakana ya makochi. Yeye anapiga fremu, mimi nashona vitambaa. Siku za mechi anapuliza tarumbeta na kuongoza kundi letu la kushangilia, ndipo jina lilipotoka. Leo alikuwa anagongomea misumari kama inamdai.

Nikampigia Kaka palepale, wote wakisikia. Kasema niachane na redio. "Nahodha haendi popote, mdogo wangu. Sikiliza mimi."

Basi nikawatangazia. Karakana nzima, na wateja waliokuwepo. Nikaapa kwa jina la baba yetu. Tarumbeta akashusha nyundo, akacheka, akasema sawa, kama Ukuta kasema, tulale.

Alhamisi, 9 Januari

Kauzwa.

Tena kauzwa wapi — kwa wale walio juu yetu kwa nafasi moja tu! Wale wale tunaong'ang'ania nao kushuka daraja. Picha imesambaa kila simu: Nahodha ameshika jezi ya watu, hacheki.

Mteja mmoja aliyekuja kuchagua kitambaa kanitazama, kasema, "Si ulituapia, mama?" Nikamwonyesha kitambaa cha maua, ilhali alitaka cha mistari.

Simu ya Kaka imezimwa kutwa. Jioni ukaja ujumbe. Maneno mawili. "Nilizidiwa kura."

Jumapili, 12 Januari

Kwa Mama. Kaka alikuja amekonda uso. Hakula.

Kaniambia yote, Mama akiwa hapo hapo anachambua mboga. Kwamba Mwenyekiti alilileta jambo ghafla. Kwamba yeye alisimama peke yake akapinga, wakamcheka. Kwamba alitaka kujiuzulu akakumbuka sisi tuliompeleka, akaona akiondoka nani atabaki kutusemea. Akafunika uso kwa viganja. Sijawahi kumwona Kaka hivyo, hata siku ya goti.

Nikamshika mkono. Nikamwambia nitawaeleza watu.

Mama akasema, "Mmeona? Mkizungumza mnaelewana." Akatuwekea chai.

Jumatano, 15 Januari

Bango lilikuwa tayari. Kundi walinipa kazi nilishone wiki iliyopita: kitambaa cheupe, herufi za zambarau, majina ya wanakamati wote na chini yake ONDOKENI. Litundikwe geti la klabu.

Leo nimekaa na wembe nikafumua jina la Kaka, herufi moja moja. Niliwaeleza alivyopinga. Wengine waliguna. Tarumbeta akasema, "Dada akisema, imesemwa." Wakakubali.

Pengo limebaki katikati ya majina. Mashimo ya sindano yanaonekana ukisogea karibu.

Jumamosi, 18 Januari

Tumefungwa ugenini, moja bila. Tumesikiliza redioni, mimi na Tarumbeta, tukiwa na viatu miguuni kama tungetumwa tuingie. Bila Nahodha hakuna anayeita mpira. Unasikia hata mtangazaji anachoka.

Mwalimu kafukuzwa kabla basi la timu halijafika nyumbani. Wamempigia njiani. Wachezaji wamekaa nyuma yake wanasikia.

Jumanne, 21 Januari

Natamani siku hii ingenipita.

Mwalimu alikuja karakana. Alikuwa ametuachia kiti chake cha kusomea tukibadilishe sponji, na sasa anahama, kaja kukichukua. Tarumbeta alikuwa ametoka kununua gundi. Nikamfutia kiti vumbi. Nikamwambia pole, Mwalimu, angalau kaka yangu alijaribu kumtetea Nahodha.

"Alikuambia hivyo?"

"Alituambia mbele ya Mama."

Akakaa kwenye kile kiti chake. Akasema, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mwenziwe:

"Mimi nilikuwa kwenye kile kikao, dada. Waliniita nitoe ripoti. Kura haikupigwa. Kaka yako ndiye aliyeleta wazo la kumuuza Nahodha. Mwenyekiti mwenyewe alisita. Kaka yako akasema Nahodha anagawa timu, aondoke, na yeye yuko tayari kuishika timu mambo yakiharibika."

"Kuishika vipi?"

"Utasikia tu."

Nikamwambia hapana. Nikasema Kaka si mtu wa hivyo, labda alisikia vibaya. Hakubishana nami. Alisema alidhani najua, kwa vile kila mtu anajua tuko karibu. Akaomba radhi. Akabeba kiti kichwani mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Nikashona mto mmoja upande wa ndani ukiwa nje. Ikabidi niufumue wote.

Jumatano, 22 Januari

Nimesikia.

Kaka ndiye kocha wa muda. Katangazwa leo. Kapigwa picha na filimbi shingoni mahali tai ilipokuwa. Anacheka. Anacheka kwa meno yote, kama kijana.

Mama kanipigia, kapiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. "Ndoto yake, mwanangu! Tangu goti lile." Nikasema ndiyo, Mama. Kaniuliza mbona sauti yangu iko hivyo. Nikasema vumbi la sponji.

Jumamosi, 25 Januari

Tumeshinda.

Moja bila, dakika za majeruhi, kona, kichwa, wavu. Na mimi niliruka. Niliruka kabla sijakumbuka! Nikamkumbatia mwanamke nisiyemjua. Halafu nikamwona Kaka anakimbia kandokando ya uwanja, anachechemea kwa lile goti, mikono juu, na uwanja mzima unaimba Ukuta, Ukuta. Nikamwachia yule mwanamke.

Tarumbeta kapuliza mpaka midomo imemvimba. Tulipokuwa tunatoka nikamvuta pembeni, nikamweleza alichosema Mwalimu. Yote. Uso wake ukashuka kidogo kidogo. Akaanza kusema "Kikulacho..." akaishia hapo. Sote tunajua mwisho wake.

Halafu akasema, "Lakini tumeshinda, dada. Leo yaache."

Nikayaacha. Ndilo linaloniuma zaidi leo. Nimesalitiwa, na nimeshangilia.

Jumatano, 29 Januari

Nimemkwepa Kaka mara ya pili wiki hii. Mume wangu kasema hii timu yenu ina wake wenza wengi. Nikamfokea. Akaosha vyombo. Baadaye nikamweleza. Hakutania tena. Kauliza tu: "Na wewe unataka nini? Timu ipone, au kaka yako aseme kweli?"

Nilidhani ni kitu kimoja.

Jumamosi, 1 Februari

Tulikuwa tunacheza na Nahodha leo. Si na timu yake — naye. Alikuwa kila mahali. Alijua kipa wetu anaogopa mipira ya chini, alijua beki wa kushoto anachelewa kugeuka. Nani asijue, aliwalea. Nne moja. Bao la tatu alifunga yeye. Hakushangilia. Alisimama ameinamisha kichwa, mikono juu kidogo, kama anaomba radhi msibani.

Kuna watu wetu waliompigia makofi. Mimi nilikuwa mmoja.

Kaka alikuwa anapiga kelele pembeni mpaka mwamuzi akamwonya. Kila alichosema wachezaji walifanya kinyume, nadhani si kwa ukaidi. Hawakumwelewa. Na sisi sasa ndio mkia wenyewe.

Jumapili, 2 Februari

Nimekwenda kwake.

Wifi kanifungulia mlango, kaniona uso, kachukua kapu lake, kasema anakwenda dukani. Kaka alikuwa sebuleni anairudia mechi ya jana kwenye televisheni. Akaisimamisha. Nahodha akabaki kwenye kioo, mguu hewani.

Nikamwambia Mwalimu aliniambia. Hakuuliza ameniambia nini. Hapo nikajua ni kweli, nikatamani angalau angeuliza.

"Uliniambia haendi popote, Kaka."

"Ningekuambia ukweli ungeutangaza karakana nzima."

"Na ya kura? Uliyasema mbele ya Mama. Uliacha kula."

"Sikuweza kula kweli," akasema. "Hilo halikuwa uongo."

Halafu akazungumza, akinitazama machoni. "Unajua maana ya kukaa jukwaani na tai, unaona kosa kabla halijatokea, na huwezi kuingia? Tangu goti lile natazama tu. Mwalimu na Nahodha walikuwa kitu kimoja. Ukimtoa mmoja, mwingine anaanguka mwenyewe." Alionyesha kwa vidole juu ya meza, hiki kinakwenda hapa, hiki kinakwenda pale. Ni vile vile alivyokuwa akinieleza mechi nikiwa mtoto. Nilivipenda sana vidole vile.

"Na sisi tuliokuchagua?"

"Ninyi ni mashabiki. Mtakasirika, halafu mtarudi. Siku zote mnarudi."

Sikumtukana. Nilitaka, ila alikuwa amesema kweli. Nilipotoka kwake nilisimama njiani, nimesahau nyumbani ni upande gani.

Ijumaa, 7 Februari

Wanachama wameitisha mkutano, Jumapili, ukumbi wa shule. Hoja ni moja: kamati yote ijiuzulu, Kaka akiwemo. Tarumbeta kanijia leo, hakuzunguka.

"Mwalimu ameshahama na hataki kuja. Aliyeyasikia kwake ni wewe peke yako. Mimi nikisema, ni umbea. Ukisema wewe, ni ushahidi."

Nikamwambia ni kaka yangu wa tumbo moja.

"Ndiyo maana watakuamini," akasema, akarudi kwenye fremu yake.

Jioni Mama akapiga. Sijui nani kamwambia. "Mgombane ndani, nitawapatanisha. Lakini mwanangu usimvue nguo barabarani. Ukimvua yeye, na mimi nimebaki uchi."

Nikasema, Mama, yeye ndiye aliyeanza. Akasema hakuuliza nani aliyeanza.

Jumapili, 9 Februari

Naandika nikiwa ukumbini, daftari juu ya goti. Kipaza sauti kimekata na fundi anatafuta betri. Nikikaa bila kuandika watu watanisemesha.

Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Mama yuko safu ya mbele. Mama! Hajawahi kutia mguu kwenye mambo ya mpira. Kaka ndiye aliyemleta, kamshika mkono mpaka kwenye kiti, watu wakapisha njia.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Jana usiku nilimwambia mume wangu, akasema vyovyote utakavyo nitakuja kukaa nawe. Yuko hapa kando yangu, hajui hata rangi za timu, kavaa shati la wapinzani. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Nilikuwa nimeamua. Basi Kaka akasimama kujitetea. Alisema vizuri, Kaka anajua kusema. Alitaja jasho lake, goti lake. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: Nahodha je? Nani alimuuza Nahodha?

Na Kaka akasema: "Mimi nilipinga. Msiniamini mimi. Mdogo wangu yuko humu ndani, mnamjua, hajawahi kuwadanganya. Tangu siku ile anajua nilivyopinga. Muulizeni yeye."

Kanitaja. Kwa jina la utotoni, lile la nyumbani, ambalo humu ukumbini tunalijua mimi, yeye na Mama tu. Na akanitazama bila wasiwasi wowote, kama beki anayemrudishia kipa mpira bila hata kugeuka.

Vichwa vyote viligeuka. Watu wakapiga makofi — ndiyo, dada aseme, dada aseme. Ndipo kipaza sauti kikakata.

Tarumbeta hanitazami. Anatazama mikono yake. Mama hajageuka, naona kisogo chake tu na kilemba alichokivaa, kile kizuri.

Fundi anagonga. Moja, mbili. Kimewaka. Kinapita mkono kwa mkono, safu kwa safu, kila anayekipokea ananitafuta kwa macho. Mume wangu kakipokea, anakifuta kwa shati lake, ananiletea. Nafunga daftari.