Upande wa Kushoto wa Uso wa Mama

Doha

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Kifua kinaendeleaje na vumbi la mawe ya kuchonga kwenye machimbo ya Tabaka? Mimi ni mzima, bado mlinzi wa hoteli kule kisiwani The Pearl, nimefunga tai tangu asubuhi kama bwana harusi. Haya ninayokuandikia nimeshindwa kuyasema kwa simu.

Mwezi jana waliweka ukumbini kichwa cha mwanamke, jiwe jeusi lililochongwa na Washona wa Zimbabwe. Nusu ya uso inang'aa mpaka unajiona. Nusu nyingine imeachwa ya kijivu, ina mikwaruzo ya patasi, haina hata jicho. Nilicheka moyoni nikasema fundi huyu mvivu. Lakini nasimama nacho kutwa nzima, Baba, na upande usio na jicho ndio unaonitazama.

Tendai wa mapokezi ni mtoto wa mchongaji huko kwao Zimbabwe. Alinieleza kwamba sisi wa Tabaka tunasugua jiwe majini, lakini wao hulichoma kwa moto na kulipaka nta likingali moto, ndipo weusi unapotokea. Nikamuuliza mbona huyu hakumaliza.

"Amemaliza," akasema. "Aliyemo ndani ya jiwe lazima aachiwe pa kutokea."

Nilikumbuka kichwa cha Mama ulichokichonga baada ya kumzika, ukaacha upande mmoja bila kuugusa miezi mingi. Nilidhani uchungu umekushinda. Jumapili ile kabla ya safari, ukiwa kanisani, nilikitia kwenye karai la maji nikakisugua kwa msasa kote, nikijua nakufurahisha. Uliporudi ulikishika, ukakirudisha rafuni, ukaniuliza kama nimefunga mizigo. Hujakitaja tena hadi leo.

Sasa nikimwota Mama hana uso. Anasimama mlangoni, kichwa laini kama yale mayai ya mawe tunayowauzia watalii, na hawezi kuniita. Naogopa kulala. Nisamehe, Baba.

Msalimie shangazi Kemunto anayekupikia, na kaka Nyamweya, nikitumaini vifaru anavyovichonga siku hizi vina miguu minne inayolingana.

Barua hii anaileta mwenzangu anayekuja likizo. Pamoja nayo nimefunga patasi yako ndogo, ile niliyoondoka nayo bila kukuomba. Kama jiwe hujalitupa, ni upande wa kushoto. Mfungulie Mama.

Mwanao,
Onsongo