Kisanduku cha Sauti ya Nyaga

Muthara,
kwa Mama Kananu, nyuma ya soko

Baba yangu,

Pokea salamu za mwanao Njeru, hata kama mkono wako hautaki kuzipokea. Mimi natembea na nakula, Mungu ashukuriwe kwa hayo. Wewe je? Lile goti la kushoto limetulia? Na mbuzi wameponea kiangazi, au mmeanza kuwakatia matawi? Binti yako Ruguru aliniandikia kwenye simu kwamba ndengu zilishika maua halafu jua likazipiga, nikajua tu msimu huu mtavuna majani. Huku kwa Wameru ni ukungu na tope, soksi hazikauki, na bado watu wanalalamika kwamba mvua haitoshi. Ukiwasikia utacheka. Pole Baba, nimesema ukiwasikia.

Sikupigi simu, na sababu unaijua. Kile kinu cha dizeli ulichokisimamia miaka yote pale sokoni Ishiara kilisaga mahindi ya watu pamoja na masikio yako, na siku hizi simu kwako ni kipande cha plastiki. Kwa hivyo nimeshika kalamu. Vaa miwani usome mwenyewe, polepole. Ruguru asikusomee kwa ishara, kwa maana mengine humu ni yangu na yako.

Najua umenikasirikia. Tangu tumzike Nyaga hujaniletea hata neno, na asubuhi ile nilipokuja kukuaga ulinipa mgongo ukaendelea kufungua kamba ya mbuzi, kamba ambayo haikuwa na fundo. Nilidhani ni uchungu. Mtu aliyemzika kifungua mimba wake ana haki ya kumpa mgongo yeyote. Nikarudi kazini nikiamini kwamba mimi na wewe tunalia kitu kimoja.

Halafu Ruguru akaniandikia mambo mawili. La kwanza, kwamba siku ya mazishi nilikuwa nimepangiwa kusimama kuzungumza kwa niaba ya watoto wako, nikaitwa, nikaitwa tena, nikabaki nimekaa kama mfuko wa simenti. Na kwamba watu wote, mpaka baba mdogo Ireri, wanasema nilimnunia ndugu yangu ndani ya jeneza kwa sababu ya lile shamba la mtoni ulilompa yeye. Na kwamba wewe umeamini. La pili, kwamba siku moja mlikuwa mnapepeta ndengu, ukaacha ungo, ukamwambia, “Ruguru, nimeanza kusahau sauti ya Nyaga.”

La kwanza nitakujibu mbele kidogo, nivumilie. Hili la pili ndilo lililoninyima hamu ya chakula. Kumzika mtu tumemzika, lakini sauti yake nayo ikiondoka kichwani mwa baba yake, sasa amebaki wapi?

Ruguru alikuwa amemrekodi Nyaga na simu yake pale kanisani, kwenye ule wimbo wa Pasaka ambao kwaya nzima inanyamaza mahali na kumwachia yeye besi peke yake. Anasema alikuwekea simu sikioni hukupata kitu. Si ajabu. Kispika cha simu ni kama kifuniko cha soda, kinatoa sauti za kina mama tu, ile ya Nyaga inabaki ndani. Na wewe masikio yako yamebakiza sauti nzito peke yake. Ngurumo unaisikia. Lori la mawe likipita barabarani unageuka. Nikasema basi, mzee hajapoteza kila kitu. Anahitaji kisanduku cha kuitoa ile sauti ikiwa nzito kama ilivyokuwa. Lakini yale mabufa, yale maspika makubwa ya kukodi, hayataingia nyumbani kwako, na sola yako haiwezi kuyabeba. Kilitakiwa kitu kidogo chenye kifua kikubwa.

Kumbe kuna watu wa ng'ambo wanaoviunda nyumbani kwao. Niliwaangalia kwenye simu. Maneno yao sikuyafuata, nilifuata mikono na michoro. Iko hivi, Baba. Spika ikipiga inasukuma hewa mbele na nyuma. Kwenye sanduku la kawaida ile ya nyuma inafungiwa ndani, inafia humo. Hapa unaijengea njia, bomba refu la mbao lililokunjwa ndani ya sanduku. Sauti inapita ikizunguka, na ikitokea kwenye mdomo wa chini inakutana na ile ya mbele zikaenda pamoja. Ndipo spika ndogo inaunguruma kama kubwa. Urefu wa njia ndio unaoamua itabeba sauti nzito kiasi gani. Kwa Nyaga nilipiga hesabu nikaona njia ya kutoka sakafuni hadi kifuani kwangu inatosha. Nikaikunja mara mbili, ikawa vichochoro vitatu kandokando, na sanduku zima likapungua likatoshea chini ya meza.

Sanduku la kwanza nililiunda kwa mabaki ya plaiwudi ya kazini. Unajua karakana yetu inatengeneza milango na vitanda, lakini siku hizi mkate wetu ni majeneza. Mabaki yako tele, makavu, yamenyooka, hayana mwenyewe. Nikakata, nikapiga gundi, nikapaka vanishi, likapendeza. Siku ya soko nikampelekea Wanjira wa Siakago, yule anayepandisha ndengu na maembe huku, nikamwomba akirudi akushushie Ishiara. Akalisifu. Akapapasa vanishi, akauliza mbao nzuri hivi nimezipata wapi. Na mimi, kama mjinga, nikamwambia.

Akaliweka chini kama mtu aliyeshika nyoka. “Njeru, mmezika juzi tu, halafu unataka nimpelekee mzee mabaki ya jeneza ayaweke ndani ya nyumba? Mimi hapana. Na wewe usithubutu.”

Hakukosea. Wewe mwenyewe ulikataa hata zile kamba za kushushia jeneza zisirudi bomani, ukataka ziachwe kulekule. Ungejua asili ya mbao zile ungelichoma sanduku na jina langu juu yake. Lakini ukishinda kutwa na majeneza, Baba, unafika mahali unaona mbao tu. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko maneno ya Wanjira. Nililivunja sanduku palepale nyuma ya soko, nikaokoa spika na nyaya.

Mbao mbichi za grevilea za huku sikutaka. Zikishuka huko kwetu jua linafungua maungio, na kitu hiki kikivuja hewa hata tundu la sindano, besi inakufa. Kwa hivyo nililigeukia kabati langu, lile nililojiundia nilipofika huku. Limekauka miaka. Nikalikata. Nguo zangu sasa zinaning'inia kwenye msumari, na hazijalalamika.

Ndani ya ile njia unaweka sufu ya kondoo, inameza kelele za juu na kuichelewesha ile sauti nzito, ndiyo maana bomba fupi linajifanya refu. Mama Kananu, mwenye nyumba wangu, anafuga kondoo. Alinipa sufu gunia zima, yenye uvundo usiosemeka, tukaifua kwa sabuni na kuianika juu ya jiko lake. Shida ni kipimo. Ukiishindilia, sauti inazibwa kama mtu aliyefunikwa mto. Ukipunguza sana, sanduku linavuma lenyewe. Lazima uongeze kidogo, usikilize, utoe kidogo, usikilize tena. Nikamkalisha Mama Kananu kwenye kigoda mbele ya sanduku, nikamwomba ainue mkono kila sauti ya chini ikitoka safi. Akainua, akashusha, akainua. Mwishowe akaniuliza kwa nini sisikilizi mwenyewe. Nikasema nina mafua.

Akainuka kigodani. Nikainama kuchambua sufu. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mbele yangu, amenishika kidevu kama mtoto, na macho yake yamejaa maji. Kumbe alikuwa amepita nyuma yangu akiniita, karibu kabisa, na mimi naendelea kuchambua.

“Njeru, wewe husikii,” akasema. “Kutoka lini?”

Nikalia, Baba. Mtu mzima na ndevu zake, na manyoya ya kondoo mikononi.

Hilo ndilo jibu la jambo la kwanza. Mashine ya kurandia mbao haina tofauti na kinu chako. Ilianza na mlio kama wa nyenje usioisha, nikasema utapita. Halafu wanawake na watoto wakawa wanafungua midomo bila kutoa kitu. Sasa nafuata midomo ya watu, nacheka wakicheka. Mtu akiwa mbele yangu peke yake, kwenye utulivu, naambulia. Pakiwa na watu na makelele, nimekwisha. Pale mazishini walinikalisha kando ya lile bufa la kukodi, linalopiga kelele kama bati linaloburutwa, na mshika kipaza sauti alikuwa amesimama nyuma ya hema. Sikujua niliitwa. Niliona watu wamegeuka wananitazama, nikadhani wananionea huruma, nikainamisha kichwa. Kumbe hapo ndipo nilipojihukumu. Baba mdogo Ireri alinisogelea baadaye akanitupia maneno na kuondoka. Ruguru ameniandikia alichosema. Ati asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku nyingine ningecheka.

Maneno ya kumsema Nyaga nilikuwa nimeyapanga, Baba. Nilikuwa nayo kifuani. Nilikuwa nangoja kuitwa. Nimngoje nani tena sasa?

Na shamba la mtoni silitaki. Sikuwahi kulitaka. Lipe watoto wa Nyaga.

Hapa kazini sijasema. Aliyekuwa kwenye mashine kabla yangu ilipojulikana hasikii aliambiwa aende nyumbani apumzike, na mpaka leo anapumzika. Mwenye karakana ameanza kuniangalia vibaya. Juzi alinitoa kwenye randa akanipa msasa, kulainisha majeneza. Naona mwisho wa hii njia, na nikirudi huko nitakaa nawe tuangaliane, kinu na randa. Sikuwa na nguvu ya kuja kukwambia uso kwa uso. Ungeona nikikutazama mdomo badala ya macho, na wewe ungejua mara moja, kwa maana ndivyo ulivyotutazama sisi tulipokuwa wadogo, na hatukuelewa.

Nisalimie Ruguru, mwambie asiache kuniandikia hata akiwa na hasira. Nisalimie mke wa Nyaga na watoto, yule mdogo mpakate kwa niaba yangu. Baba mdogo Ireri msalimie pia, mwambie nimepata maneno yake, yamechelewa njiani tu. Mzee wa kwaya mwambie sijambo.

Kisanduku anakuletea Wanjira. Amekubali kukibeba baada ya kuja kwangu kuliangalia kabati lililokatwa kwa macho yake, na amekikalisha juu ya magunia ya viazi, si chini. Ruguru ataunganisha kwenye sola. Kadi iko ndani tayari, ina wimbo mmoja, ule wa Pasaka alionitumia Ruguru. Usiweke sikio, Baba. Vuta kigoda, nyoosha kiganja mbele ya ule mdomo wa chini, usiuguse. Mwanzoni utahisi pumzi za vurugu, hiyo ni kwaya nzima. Halafu zitatulia, kimya kidogo, na itakuja pumzi moja nene, inakusukuma na kukuachia, inakusukuma na kukuachia. Huyo ni Nyaga. Mama Kananu aliinua mikono yote miwili alipomsikia. Mimi nilimpata kwa kiganja, kama utakavyompata wewe.

Kaa naye mpaka utosheke. Kisha uniite, Baba. Niite kwa kalamu, na safari hii nitasimama.

Ni mimi mwanao,
Njeru